"Me" si "Mr", na "Mgr" si Monsinyori

Ndugu Mhariri,

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliposaini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 2022, majina ya ndugu zetu wa huko yamejaa katika magazeti, kadi za mialiko na orodha za wajumbe. Mimi ni mfasiri wa Kifaransa na Kiingereza hapa Arusha. Naomba nafasi niseme juu ya vifupisho tunavyotanguliza mbele ya majina hayo, maana vinawavunjia watu heshima kila wiki.

Kinachoniuma zaidi ni "Me". Kwa Kifaransa ni kifupisho cha Maître, jina la heshima la wakili, awe mwanamume au mwanamke. Hapa kwetu mtu akikiona hudhani ni kosa la chapa, akaandika "Mr". Nimemwona wakili mwanamke kutoka Bukavu akigeuzwa mwanamume hivyo kwenye ratiba ya mkutano, hadi kwenye kitambulisho alichovaa kifuani. Si vigumu kuandika "Wakili" na kuendelea na habari.

"Mgr" nayo inaumiza. Katika Kifaransa ni Monseigneur, na ndivyo anavyoandikwa askofu. Monsinyori tunayemjua sisi Tanzania ni padri aliyepewa heshima hiyo na Papa, si askofu. Kwa hiyo anayemwandika Christophe Munzihirwa, aliyeuawa Bukavu Oktoba 1996, kuwa "Monsinyori" anamshusha ngazi marehemu aliyekuwa Askofu Mkuu. Huyo ni Mhashamu.

Monsieur, yaani Bwana, hufupishwa "M.", na wakiwa wengi "MM." Hata wanaozungumza Kifaransa hukosea hapa: huandika "Mr", ambayo ni ya Kiingereza, na wengine huandika "Mrs" wakikusudia wanaume wawili au zaidi. Msomaji wa Dar es Salaam akiikuta "Mrs" hiyo, atawaza mke wa mtu.

Kuhusu nukta, kanuni ya Kifaransa haina ugumu. "M." ina nukta kwa sababu neno limekatwa na mwisho wake haupo. "Mme" (Madame, yaani Bibi), "Mlle" (Mademoiselle), "Dr" (Docteur) na "Me" hazina, kwa kuwa herufi ya mwisho ya neno zima imebaki. Waingereza wengi hufuata mantiki hiyohiyo, wakaandika Mr, Mrs na Dr bila nukta, Wamarekani huiweka. Gazeti lichague mtindo mmoja wa Kiingereza, lakini lisiuhamishie kwenye Kifaransa.

Kuna pia "Mlle", ya mwanamke ambaye hajaolewa. Waraka wa Waziri Mkuu wa Ufaransa, François Fillon, wa tarehe 21 Februari 2012 uliagiza iondolewe kwenye fomu za serikali, ibaki "Mme" kwa wote. Kwa Kiingereza kuna "Ms", ambayo haiulizi habari za ndoa, na gazeti la New York Times liliikubali mwaka 1986. Kiswahili kina "Bi.", na inatosha.

Barua zina adabu yake. Mwingereza huanza na Dear Mr, kisha jina la ukoo. Barua rasmi ya Kifaransa huanza na Monsieur, au Madame la Directrice (Bibi Mkurugenzi), kwa ukamilifu, bila kifupisho na bila jina la mtu. Ofisi nyingi hapa hutuma "Cher Mr" ("cher" ni "mpendwa") likifuatwa na jina, na mkubwa anayeipokea Kinshasa au Bujumbura huona mara moja kwamba hakuandikiwa kwa uangalifu.

Ombi langu kwa dawati lako ni hili: kabla ya kuchapa, mwandishi amuulize mhusika anavyojitambulisha, na katika habari za Kiswahili tutumie Bw., Bi., Dkt., Wakili na Mhashamu.

Wako katika kazi,
Mfasiri, Arusha