Kidole Kinasoma 98, Je, Ini na Moyo Vinapata Kiasi Gani?

Mara nyingi mteja anapoketi kwenye kiti cha kutolea damu hapa maabara, hubanwa kidole kwa kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu, namba 98 ikatokea, kisha akauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini vimeng'enya vyake vya ini (protini zinazovuja kwenye damu seli za ini zikiumia) vimepanda ilhali oksijeni yake haina dosari. Namba ile inaeleza jambo moja tu, yaani ni asilimia ngapi ya hemoglobini (protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) katika damu ya ateri, mishipa itoayo damu moyoni, imebeba oksijeni. Haielezi hemoglobini yenyewe ni nyingi kiasi gani, damu inafika kwenye kiungo kwa wingi gani, wala seli zikishaipokea oksijeni hiyo zinachoma nini. Mtu aliyepungukiwa sana na damu anaweza kusoma 98 vilevile, kwa sababu hemoglobini chache alizobaki nazo zote zimejaa.

Ini hupokea takribani robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, karibu lita moja na nusu kwa dakika. Robo tatu ya damu hiyo huja kwa vena (mshipa wa damu) itokayo matumboni, ikiwa imekwisha kuacha sehemu ya oksijeni yake njiani. Robo iliyobaki huja kwa ateri, na ingawa ni kidogo, ndiyo iletayo karibu nusu ya oksijeni. Ndani ya ini damu hupita katikati ya safu za seli kama maji ya mfereji yanavyopita shambani: seli za mwanzo hunywa kwanza, na zile zilizo karibu na vena ya katikati hupata masalio. Seli hizo za mwisho ndizo zenye kazi kubwa ya kuvunja dawa na pombe, na ndiyo maana parasetamoli iliyozidishwa huziua kwanza, na mafuta ya ini kwa watu wazima huanzia kwazo.

Moyo una shida ya aina nyingine. Mwili kwa jumla ukiwa umepumzika hutoa kwenye damu kama robo tu ya oksijeni iliyomo, lakini msuli wa moyo huchukua karibu asilimia 70 hata mtu akiwa amelala. Hauna akiba ya kuchota zaidi. Ukihitaji nyongeza, sharti ateri zake zipanuke, na zikiwa zimezibwa na mafuta, mtu huanza kubanwa na kifua anapopanda mlima. Tena, nishati yake nyingi hutokana na asidi za mafuta, ambazo hudai oksijeni zaidi kuliko glukosi (sukari ya damu) kwa nishati ileile. Moyo wenye afya hubadili kuni oksijeni inapopungua. Moyo wa mtu ambaye insulini haimfanyii kazi vizuri hushindwa kugeukia glukosi kwa urahisi, ukaendelea na kuni za gharama.

Viungo hivi viwili huumizana. Moyo ukishindwa kusukuma, damu hurudi nyuma na kutuama kwenye ini, na kwenye altrasaundi tunaona vena za ini zimetanuka na vena kuu ya chini haisinyai mgonjwa anapovuta pumzi. Shinikizo la damu likianguka ghafla, vimeng'enya vinaweza kupanda zaidi ya mara 20 ya kawaida, kisha vikashuka kwa siku chache mzunguko unaporejea. Kwa upande wa pili, ini lililojaa mafuta humwaga sukari na trigliseridi (aina ya mafuta) kwenye damu, na wagonjwa wake wengi hufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kuliko kwa ini lenyewe. Jambo hili hutuhuzunisha, kwa kuwa mtu huambiwa "una mafuta kidogo kwenye ini" akarudi nyumbani bila kupimwa lolote lingine.

Kwa hiyo mteja anapokuja kupima ini, sisi humwuliza pia kuhusu kuvimba miguu, kuhema na kukoroma. Anayekatika pumzi usingizini oksijeni yake hushuka na kupanda usiku kucha, ikimdhuru ini na moyo, na asubuhi kidole kinasoma 98. Pamoja na vimeng'enya tunapendekeza hemoglobini, sukari na mafuta ya damu, na majibu yote humfikia daktari wake kwa pamoja. Baadhi hutuuliza kama kuvuta oksijeni ya mtungi kungewasaidia. Damu ikiwa imekwisha kujaa, mtungi hauongezi kitu cha maana. Kwa mwenye mafuta kwenye ini, kupunguza uzito kwa asilimia 5 hupunguza mafuta hayo, na asilimia 7 hadi 10 huweza kutuliza kuvimba kwa seli za ini.

Mwenye maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, akitokwa na jasho na kukosa pumzi, asije kwetu kupimwa. Aende moja kwa moja kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu.