Kundi la Hisabati: lile swali la 91

Wazazi, habari za jioni. Naona swali la kama 91 ni namba tasa (yenye vigawo viwili tu, yaani namba zinazoigawanya bila baki: 1 na yenyewe) limewatoa wengi jasho. 91 si tasa, ni 7 × 13. Inadanganya kwa sababu 2, 3 na 5 zote zinagoma kuigawanya.

Jamani, mtoto asijaribu kila namba hadi 90! Ajaribu 2, 3, 5 na 7 tu, maana namba tasa inayofuata ni 11, na 11 × 11 ni 121, tumeshapita 91. 97 inazigomea zote nne, kwa hiyo ni tasa. Na 1 si tasa. Ina kigawo kimoja tu.

Wanaochanganya vigawo na vigawe: vigawo vya 12 vinaishia kwenye 12, vigawe vyake (12, 24, 36...) ndiyo kwanza vinaanzia hapo.

Jumamosi saa 3 asubuhi tunaingia KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika). Watoto waje na daftari la hesabu, kikokotoo kibaki nyumbani.