Mnaotuletea matangazo mwaloni, njooni mbalamwezi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie neno wanaotuandalia matangazo na semina sisi tunaoishi kwa dagaa hapa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, pale vyombo vya uvuvi vinaposhushia samaki.

Juzi wataalamu wa ofisi moja walikuja na spika saa nne asubuhi. Saa hiyo mvuvi ndiyo kwanza amelala, maana usiku kucha alikuwa ziwani na taa zake. Sisi wanawake tuko vichanjani tunageuza dagaa. Waliobaki kuwasikiliza ni watoto na wapita njia. Wakasema "uvuvi endelevu", wakasema "wadau", wakapiga picha, wakaondoka. Bila shaka ripoti imeandikwa kwamba wavuvi walihamasishwa.

Si kwamba hatutaki kusikia. Ziwa Tanganyika lilipofungwa Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, kila mtu alikuwa na swali lake. Mwenye chombo aliwaza mkopo wa injini. Kibarua, ambaye hula kwa mgawo wa kilichovuliwa, aliwaza watoto watakula nini miezi mitatu. Mimi nilitaka kujua kama dagaa niliowakausha kabla ya kufungwa ningeruhusiwa kuwasafirisha au ningekamatwa njiani. Anayeandika tangazo moja kwa "wavuvi wote" hata hajui kama nipo. Sijawahi kuvua maishani mwangu!

Utabiri wa hali ya hewa nao vivyo hivyo. Mvuvi anasikilizia upepo na mawimbi, mimi nasubiri mvua tu, kwani dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka ni hasara.

Kabla ya kuandika chochote, mtu mmoja aje akae mwaloni bila spika. Aje siku za mbalamwezi: mwezi uking'aa taa hazivuti dagaa, vyombo vinapumzika, wanaume wanashona nyavu na wana muda wa kuongea. Asiishie kwa wenye vyombo, maana kibarua hafungui mdomo mbele ya tajiri wake. Sisi wanawake atukute jioni, tukishaanua. Atuulize pia habari tunazipata wapi. Nyingi tunapeana wenyewe kwa wenyewe hapa mwaloni, na karatasi iliyobandikwa mlangoni pa ofisi haisomwi na mtu.

Posho asituletee. Aandike tunachomjibu, ndipo aende kuchapisha mabango yake.

Mwanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma