Anayeanza Watch Dogs aache bastola, ashike kamera

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie Watch Dogs, mchezo wa video wa kampuni ya Ubisoft uliotoka Mei 27, 2014. Wanaoukuta kwa mara ya kwanza huukosea kwa namna mbili. Wazazi huogopa kwamba unafundisha watoto udukuzi. Vijana nao huuacha baada ya saa mbili, wakidai ni magari mazito na risasi tu, hauna jipya.

Nianze na wazazi. Mchezo unafanyika Chicago, na mchezaji anamwendesha Aiden Pearce, mtu ambaye simu yake inaingia ndani ya ctOS, mfumo mmoja unaosimamia taa za barabarani, kamera, madaraja na treni za mji mzima. Kudukua kwenyewe ni kushikilia kitufe kimoja: cha mraba kwenye PlayStation, X kwenye Xbox. Hakuna anayeandika hata mstari mmoja wa msimbo. Cha kuangaliwa ni alama ya umri iliyo kwenye kasha, PEGI 18 (alama ya Ulaya inayosema mchezo ni wa miaka 18 na zaidi), na hiyo inatokana na ukatili na matusi, si udukuzi.

Hata vile udukuzi unavyooneshwa, kuna chumvi nyingi. Kwenye mchezo ukigusa kitufe, taa za njia panda zinawaka kijani pande zote na magari yanagongana. Mwaka huohuo wa 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwa ruhusa ya wenye barabara, walionesha kwamba taa halisi zinaingilika kweli: mawasiliano yake ya redio hayakuwa yamefichwa, na maneno ya siri yalikuwa yaleyale ya kiwandani. Lakini kijani cha pande zote hawakukipata. Ndani ya kabati la taa mna kifaa cha pembeni kinacholinda jambo hilo tu. Kikiona kijani mbili zinazopingana, kinaziweka taa zote kwenye nyekundu ya kumetameta, na hazirudi mpaka fundi afike. Vivyo hivyo kiza cha Agosti 14, 2003, umeme ulipokatika kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, ambacho hadithi ya mchezo inambebesha mdukuzi: chanzo chake halisi kilikuwa nyaya za umeme zilizogusa miti huko Ohio, na programu ya tahadhari iliyonyamaza bila wasimamizi kujua.

Sasa kwa wachezaji. Kosa kubwa la mwanzo ni kuingia vituo vya ctOS kwa mlango wa mbele. Mtu anaruka ukuta, anachomoa bastola, dakika haijaisha walinzi wamemzingira, kisha anaulaumu mchezo. Simama nje. Tafuta kamera ya kwanza unayoiona kwa macho, iingie, halafu kupitia hiyo tafuta ya pili. Sharti ni moja: kamera unayoihamia lazima ionekane kutoka kwenye ile uliyomo. Ukuta ukikuzuia, angalia walinzi, kwa kuwa wapo waliovaa kamera mwilini. Ingia kwa mmoja, tulia, akutembeze mwenyewe hadi chumba usichokiona.

Utaratibu nao una maana. Kabla ya kuigusa mitambo, mtafute mlinzi mwenye namba ya kufungulia na uichukue kutoka kwake, la sivyo utafika kwenye mtambo ukute umefungwa. Baada ya hapo huja fumbo la kugeuza viungo ili mkondo ufike kwenye kufuli. Wengi huanzia mwisho wa njia. Anzia kwenye chanzo, maana baadhi ya viungo haviguswi mpaka mkondo uvifikie. Unaweza kumaliza sehemu kubwa ya kazi hii hujakanyaga hata ndani ya geti. Mlinzi mwenye bomu mfukoni unaweza kumlipua kwa simu, na inachekesha, ila wenzake wote watakuja mbio, kwa hiyo mwache wa mwisho.

Kwenye gari huwezi kupiga risasi, na hapo wengi hukasirika. Silaha yako ni barabara. Usibonyeze taa unapoikaribia njia panda, utajigonga mwenyewe. Subiri upite, anayekufukuza awe ndiye anayeingia. Betri ya simu, inayotumika kila unapodukua, nayo huisha: ukiimalizia kwenye taa tatu ambazo hazikumkamata mtu, ukifika kwenye daraja la kuinuka huna kitu. Ndiyo maana pointi za mwanzo za kununulia ujuzi zisiende kwenye bunduki. Nunua vizuizi vinavyochomoza ardhini, mabomba ya mvuke, madaraja na betri ya ziada. Polisi wakianza kuchunguza eneo, toka kwenye duara lao kabla hawajakuona, au zima gari ujilaze ndani.

Wenye kompyuta wana tatizo lao. Ubora wa teksicha (picha zinazofunika kuta, barabara na vitu vingine) ukiwekwa juu kabisa, kadi ya michoro inahitaji kumbukumbu ya GB 3. Kwa kadi ya GB 2, picha itakuwa inakwamakwama, hasa ukiendesha kwa kasi, kwa sababu mitaa mipya inapakiwa kila mara na nafasi imejaa. Shusha teksicha ngazi moja kabla hujagusa mpangilio mwingine wowote. Kwa GB 1, shusha mbili.

Mwisho ni wavamizi wa mtandaoni. Mchezaji mwingine anaweza kuingia kwenye mji wako akiwa na sura ya mpita njia, akaanza kukuibia data. Usikimbie ovyo na usipige risasi watu. Duara la kumtafutia hupungua kadiri wizi unavyoendelea, basi washa simu yako uwapime watu mmoja mmoja, ukianza na walioketi kwenye magari yaliyoegeshwa, maana huko ndiko hujificha sana. Uvamizi huu unaweza kuuzima kwenye mipangilio, lakini fahamu kwamba ukiuzima, pointi zako zote za mtandaoni zinafutwa.

Mchezaji wa siku nyingi