Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kingatiba ya Minyoo na Kichocho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Viongozi wa kijiji, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Sisi wanachama wa Klabu ya Afya tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa kisiwani Ukerewe. Tunajua barabara ya kutoka Nansio ilivyo, maana vumbi lake tunaliona kwenye viatu vyako. Pole na safari. Leo tunameza dawa, na uji uko jikoni unachemka. Habari ya uji huo tutaifikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi zetu za kila siku ni za kawaida: kujaza vibuyu chirizi vya kunawia mikono, kukagua kucha, na kuwasimamia wadogo zetu wanawe kwa sabuni wakitoka chooni. Kilichotufungua macho ni siku tuliyokwenda zahanati. Mtaalamu wa maabara alituruhusu kuchungulia kwenye hadubini, mmoja mmoja. Tuliona yai la kichocho cha tumbo, refu kidogo, la manjano iliyokolea, na ubavuni lina mwiba. Mwenzetu wa darasa la tano akauliza, "Huo mwiba unachoma?" Watu wakacheka, lakini mtaalamu hakucheka.

Alitueleza kwamba minyoo wenyewe hukaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, dume na jike wamekumbatiana, kwa miaka. Mayai yao hupenya ukuta wa utumbo ili yatoke na kinyesi, ndiyo maana mgonjwa huharisha damu. Yasiyopata njia husukumwa na damu mpaka kwenye ini yakakwama huko. Ini linaota makovu, bandama inavimba, tumbo linajaa maji, na mwishowe mtu anaweza kutapika damu. Hapa mwaloni, ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, watu wenye matumbo ya namna hiyo tunawafahamu. Tangu utotoni tumekuwa tukiambiwa wamerogwa.

Kinyesi kikifika ziwani, mayai huanguliwa na kuingia ndani ya konokono wadogo bapa wanaokaa kwenye majani ya ufukweni. Humo hutoka vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyotoboa ngozi ya anayeoga, anayefua au anayechota maji. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, yaani saa zile zile ambazo sisi tunatumwa maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, minyoo wengine hawahitaji ziwa, udongo unawatosha. Jike mmoja wa minyoo wakubwa wa duara, ambao bibi zetu huwaita mchango, hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na mayai hayo yanaweza kukaa ardhini miaka kadhaa yakingoja mkono mchafu au embe lisilooshwa. Wakiwa wengi wanaweza kuziba utumbo wa mtoto mpaka apasuliwe. Minyoo wa safura huingia kwa kutoboa nyayo za asiyevaa viatu, kisha hung'ata utumbo na kunyonya damu. Mtoto anapauka, anachoka, anasinzia kipindi cha kwanza. Darasani huitwa mvivu. Tunaomba radhi kwa walimu wetu waliopo, lakini jina hilo baadhi yetu tumelibeba.

Sasa dawa. Albendazole, ya minyoo wa udongo, ni kidonge kimoja, unatafuna, umemaliza. Praziquantel ya kichocho ndiyo yenye maneno: vidonge vikubwa, vichungu, na idadi yake hutegemea urefu wako kwenye ubao wa kupimia. Mwingine kimoja na nusu, mwingine vitatu. Ukimeza na njaa, kichwa kinazunguka na tumbo linakataa. Miaka ya nyuma hapa shuleni wenzetu walitapika mstarini, habari zikafika nyumbani zikiwa zimekua, na mara iliyofuata wazazi wengi wakawazuia watoto wao. Hatuwalaumu. Walimu walitusimulia kwamba mwaka 2008 mkoani Morogoro wazazi walivamia shule kwa uvumi kuwa dawa hizi zinaua watoto.

Ndipo klabu ikaomba uji. Kila kaya ilichanga kikombe cha unga wa mahindi au wa muhogo, mama mmoja akajitolea sukari, na wazazi wawili walialikwa kuja kutazama wanavyopewa watoto. Safari hiyo waliotapika hawakufika watano. Unga wa mwaka huu ni huu unaochemka.

Hata hivyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dawa haimkingi mtu. Ile ya kichocho inaua minyoo waliokomaa tu, wachanga wanabaki, na kesho mtoto anarudi majini kwa ndoo ile ile. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na kwa wavulana 25. Kwetu foleni ya mapumziko haiishi kabla kengele haijalia, na wadogo wakichoka kungoja wanakwenda kwenye migomba. Upande wa ziwani nako, baba zetu na kaka zetu wakiwa mtumbwini usiku kucha, choo chao ni maji. Nao hawamo kwenye foleni ya leo, wala watoto wasiosoma wanaoanika dagaa mwaloni.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, tangi la kuvunia maji ya mvua. Hata maji ya ziwa yakikaa kwenye tangi siku mbili bila konokono, vijidudu vile vya kichocho hufa, kwa hiyo tangi litatufaa hata kiangazi. Pili, matundu ya vyoo, tukianza na ya wasichana na ya madarasa ya chini. Mawe na mchanga wazazi wamekwisha kusogeza, yako nyuma ya ofisi na tutakuonyesha. Tatu, dawa zifike mwaloni jioni, kabla mitumbwi haijaingia majini, kwa sababu mchana wavuvi wamelala.

Uji umeiva. Tunakuomba umeze nasi kikombe cha kwanza, wazazi wakuone.

Naomba kuwasilisha.