Kiuno kinauma: ukandwe, upigwe chuku, au "uvunjwe mgongo"?

Kila wiki kwenye chumba chetu cha kuchua na mazoezi, hapa Chake Chake, Pemba, huingia mtu na simu mkononi. Kwenye video, mgonjwa amelazwa ubavu, anapindwa, mgongo unalia kwa! kwa!, kisha anainuka anacheka. "Nami nifanyie hivi hivi." Jibu letu huwavunja moyo kidogo, basi bora tuliandike moja kwa moja.

Ule mlio si mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo mna majimaji yenye gesi iliyoyeyuka. Kiungo kikivutwa ghafla, hutokea povu la gesi na mlio wake, kama unapoalisha vidole. Ufundi wenyewe si wa mitaani, una shule zake. Unaitwa kiropraktiki, na aliyeuanzisha ni D. D. Palmer, huko Davenport, Marekani, mwaka 1895. Osteopathia, ya daktari Andrew Taylor Still, iliutangulia mwaka 1874, nayo huchanganya mivuto hiyo na kunyoosha taratibu. Kwa kiuno kinachouma, mikono iliyosomea kazi hiyo huleta nafuu, lakini si nafuu ya kuyashinda mazoezi. Linalotutisha ni shingo. Ikizungushwa kwa nguvu, mara chache sana, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huchanika na mtu akapata kiharusi. Asiyesomea asikuguse shingo. Sisi hatukusomea, kwa hiyo hatufanyi, hata ukituongezea pesa.

Kazi yetu ni kuchua misuli na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na kurekebisha mkao, na watu wengi huona ni kitu kimoja.

Bibi mmoja anayelima mwani alitujia baada ya bamvu, siku zile maji yanapotoka sana. Kazi yenyewe mnaijua. Maji yakitoka, ni kuinama saa tatu, nne, unafunga mbegu kwenye kamba, kisha gunia bichi lichukuliwe mpaka pwani. Hakutaka maneno mengi. "Mwanangu, nikande hapa tu, huu ni upepo." Tukamkanda, akapitiwa na usingizi pale pale kitandani. Siku ya nne karudi na kiuno kile kile.

Safari hii tulimpa kamba tukamwambia, haya bibi, tuonyeshe unavyofunga. Akainama, magoti yamenyooka, mgongo umepinda kama ndoana. Dakika arubaini za mafuta ya nazi zingeshindana vipi na saa nne za mkao ule? Tukampunguzia kukandwa. Tukamfundisha kupiga goti moja majini, kusimama na kujinyoosha kila amalizapo kamba, na mzigo wa gunia moja augawe, aubebe kwa safari mbili. Juu ya hayo, mazoezi mawili ya nyonga na kiuno, kumi kumi, asubuhi na jioni. Kiuno bado kinamkumbusha umri wake, lakini sasa anaimaliza bamvu nzima.

Kuchua kunalegeza msuli uliokaza, kunaleta usingizi, na maumivu hupungua kwa siku moja au chache. Kama umebeba sana jana, au shingo imekaza kwa mawazo, hilo linakutosha, usijitafutie makubwa. Maumivu yanayorudi kila mwezi yanataka fiziotherapia, na huko kazi kubwa ni yako wewe. Wapo wanaolalamika, "Nikulipe, halafu nijitaabishe mwenyewe?" Ndiyo, na ndivyo inavyofanya kazi. Goti la mzee lililolika hulindwa na msuli wa paja, na msuli haujengwi na mtu mwingine.

Bega lililoganda lina habari yake. Huwapata sana wenye kisukari, huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na mwanzoni kadiri unavyolilazimisha ndivyo linavyokasirika. Mkandaji akikuahidi kulifungua kwa siku tatu, vaa viatu uende zako.

Chuku, yaani kunyonya damu kwa vikombe, hatupigi. Wanaopiga wapo na wateja wao wanasema wanapata nafuu, hatubishani nao. Ila ukichanjwa, wembe ufunguliwe mbele ya macho yako na vikombe viwe safi, maana homa ya ini hupita hapo hapo.

Na wazee wetu wanaounga mifupa? Tunawaheshimu. Lakini msimu wa karafuu, mtu akianguka mkarafuuni, kwanza hospitali, ya Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani, apigwe picha. Msimvute, msimnyooshe. Na aliyefungwa banzi, vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, banzi imebana. Ilegezwe na apelekwe hospitali sasa hivi, asisubiri asubuhi. Aliyeteguka kifundo tu naye asikandwe siku mbili tatu za mwanzo. Kinachotakiwa ni barafu, kitambaa, na mguu uwe juu ya mto.

Kuna mengine hayataki mkono wa mtu yeyote, wetu ukiwemo. Ganzi sehemu za siri, mkojo unaogoma au kutoka wenyewe, miguu yote miwili inayolegea: hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku na kukonda nayo ni ya daktari, kwani kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo. Na hili tunawaomba sana wanaowakanda maji ya moto wanawake waliojifungua karibuni: shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na linauma, msilikande. Huenda damu imeganda mle, na likisuguliwa, bonge laweza kusafiri hadi kwenye mapafu.

Ukija kwetu, robo saa ya kwanza ni maswali na kukutazama unavyotembea, hakuna mafuta. Tukiona unastahili hospitali, tunakuandikia karatasi na hulipi. Njoo na nguo ya kulegea na picha ya eksirei kama unayo. Wanawake wanahudumiwa na mwanamke, chumba chao mlango wa nyuma. Ijumaa tunafunga saa tano na nusu, tunafungua baada ya sala.