YAH: Faili "imepita" lakini pesa yangu haijapita

Busia, Uganda

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Salamu bwana meneja. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu huyo kijana wenu wa saporti na mimi tunaongea Kiswahili siku zote na bado hatuelewani, kwa hiyo tatizo si lugha.

Mimi nauza jumla hapa Busia, sabuni, mafuta ya kupikia, chumvi, na mteja wangu mkubwa ni duka moja la Kampala, ndio hao walionileta kwenu. Waliniambia hawataki tena oda ya simu wala invoisi ya karatasi, kila kitu kipite kwa XML, yaani faili ya maandishi ambayo kompyuta zinasomeana, kupitia nyinyi mnaozipitisha katikati, oda inaingia yenyewe kwangu, invoisi inaingia yenyewe kwao, hakuna mtu anakaa kupiga upya manamba kwa kompyuta. Nikaona wazo zuri nikakubali. Na msidhani ni mzee wa kuogopa mashine, kabla ya duka nilifanya klearing, kutoa mizigo forodhani, Malaba miaka mingi, ASYCUDA ile programu ya forodha nimeigonga mpaka herufi za kibodi zikafutika, na hata wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka Aprili 2024 kwa sababu ya EFRIS, ule mfumo wa URA wa risiti na invoisi za kielektroniki, mimi huku nilikuwa naendelea kutoa risiti zangu kimya kimya.

Sasa sikiliza kilichotokea. Nilipeleka katoni 120 za sabuni, kila katoni 62,000, jumla 7,440,000 na VAT iko ndani. EFRIS ikanitolea invoisi sawasawa, 7,440,000. Ya kwenu ikatoka siku hiyo hiyo na alama ya kijani, "imepita". Wiki mbili baadaye pesa inaingia benki: 74,400. Nilidhani ni advansi jamani. Napiga simu Kampala, dada wa uhasibu (mpole sana, yeye sina shida naye) ananisomea kwa skrini yake: jumla ya invoisi 74,400, imelipwa yote, imefungwa. Yaani kwa vitabu vyao mimi siwadai hata shilingi! Kutoka hapa mpaka Kampala ni karibu kilomita 200, hiyo pesa haitoshi hata dizeli ya lori kwenda na kurudi, achia mbali sabuni.

Mpwa wangu ndiye alifungua hiyo faili akanionyesha. Ndani imeandikwa 7440000 na pembeni UGX, yaani shilingi ya Uganda, safi kabisa, hakuna kosa. Lakini ikifika upande wa duka programu yenu inachukua kila nambari kama senti halafu inagawanya kwa 100, kwa sababu mliitengeneza kwa wateja wa Nairobi na shilingi ya Kenya ina senti. Yetu haina. Na hayo si maneno yangu, ISO 4217 ile orodha ya sarafu ya dunia nzima iko wazi, KES ya Kenya desimali 2, UGX desimali 0. Kwani nyinyi mara ya mwisho mliona senti ya Uganda lini?

Nikawapigia. Jibu la kijana: "Mzee, faili iko sawa, imepita skima." Nikapiga tena kesho yake, imepita skima. Siku ya tatu nikamuuliza hiyo skima inaangalia nini hasa, akasema inaangalia kama vipengele vyote vipo na viko mahali pake. Ndio hapo sasa! Skima ni kama askari wa geti pale mpakani anayeangalia kama lori lina namba pleti, ndani umebeba sabuni ama mawe yeye hajui na wala hakuulizwa. Faili inaweza kupita skima mara mia na bado ikasema uongo, na kazi ya kujua 7440000 inamaanisha nini pande zote mbili ni yenu nyinyi mliokaa katikati, hiyo ndiyo ninayowalipa 180,000 kila mwezi.

Halafu kuna mambo ya &. Jina la duka langu lina & katikati tangu marehemu baba alisajili. Kwa XML hiyo alama haiendi hivi hivi, ina kazi yake nyingine, lazima iandikwe &amp; ndio faili isomeke, na mwanzoni mlikuwa mnafanya hivyo vizuri tu. Mkasasisha sistimu bila kutuambia, & ikaanza kwenda uchi, invoisi zangu tatu zikakataliwa kule na zikakaa siku tisa huku kwangu skrini inasema "imetumwa". Imetumwa wapi? Kutumwa si kupokelewa. Hata ile EDIFACT ya kizamani ya kutumiana hati za biashara kwa kompyuta, ISO 9735 ya miaka ya 1980, ina ujumbe wake unaitwa CONTRL wa kurudisha jibu kwamba nimepata ama nimekataa, nyinyi wa kisasa mmeshindwa? Na dawa niliyopewa na kijana wenu ni nibadilishe jina la duka. Ati nibadilishe TIN, leseni, akaunti ya benki na kibao cha mlangoni kwa sababu ya alama moja.

Ile ya tarehe sitaki kuirefusha, oda ilisema 05/06, mimi nikajiandaa tarehe 5 Juni kumbe walitaka 6 Mei, nikakatwa faini ya kuchelewa. Anzeni na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, kama ISO 8601, ile kanuni ya dunia ya kuandika tarehe, hapo hakuna wa kukosea.

Ninachotaka: muandikie duka barua rasmi kwamba kosa la 74,400 ni la programu yenu si langu, ili dada wa uhasibu aifungue tena ile invoisi nilipwe 7,365,600 iliyobaki, kwa sababu bila barua yenu bosi wake amekataa. Ada yangu ya miezi mitatu mrudishe. Na mweke jibu la kweli kwa skrini, nikiona kijani nijue mwenzangu amepokea na amesoma nambari ile ile niliyoandika.

Nawapa siku saba. Mpaka hapo invoisi zangu nazichapa kwa karatasi na kumpa dereva wa lori, duka limekubali kwa muda. Nakala ya faili, invoisi ya EFRIS na karatasi ya benki nimeambatanisha hapa, mziweke zote tatu juu ya meza moja mbele ya huyo kijana wenu, halafu anionyeshe ni wapi imepita.

Mteja wenu wa Busia